Kaseti iliyokataa kurekebishwa

Vijana wanaokuja kurekodi siku hizi wana sentensi moja ya kujikinga: "Hii ni demo tu, kaka." Wanaisema kabla hujaigusa simu, macho chini, kana kwamba wimbo umetoka nje na kanga ya kulalia. Kisha unasikiliza. Mara nyingi, si mara zote, ile sauti iliyonaswa chumbani kwa simu ina kitu ambacho baada ya wiki mbili za kuimba upya, kunyoosha na kumiksi tutakuwa tumekifuta chote. Prodyuza anajua, msanii naye anajua. Ila nani atakubali kulipia saa za studio halafu aondoke na kilekile alichokuja nacho?

Aliyekubali yupo, na hakuwa chipukizi asiye na nauli. Ni Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, mwaka 1982, na studio aliyoiacha ni Power Station ya New York, mahali ambapo wanamuziki wa rika lake walikuwa wakipaota. Albamu inaitwa Nebraska. Nimeirudia sana tangu Oktoba 2025, lilipotoka boksi la rekodi za mwaka ule, zikiwemo zile nyimbo alizojaribu na bendi kisha zikafungiwa kwa miaka zaidi ya 40. Mwezi uleule ikatoka na filamu, Jeremy Allen White akicheza nafasi ya Springsteen. Watu wameandika sana juu ya filamu na juu ya huzuni ya mwenye albamu. Mimi kinachonivuta ni kaseti yenyewe, kwa sababu kazi kubwa ya albamu hii ilifanyika baada ya albamu kuwa imekwisha.

Tuanze na pesa, maana ndiko alikoanzia yeye. Springsteen alikuwa na tabia ya gharama: alitunga nyimbo ndani ya studio. Bendi yake nzima, E Street, imekaa, saa zinahesabiwa, yeye bado anautafuta ubeti wa pili. The River, albamu ya santuri mbili iliyotoka Oktoba 1980, ilikula zaidi ya mwaka kwa mtindo huo. Ililipa, hilo halina ubishi: ilikuwa ya kwanza kwake kushika namba moja Marekani, na Hungry Heart ukawa wimbo wake wa kwanza kuingia kumi bora. Ziara iliyofuata ikaisha Septemba 1981. Akarudi New Jersey, akapanga nyumba Colts Neck, kando ya bwawa, si mbali na Freehold alikokulia. Alikuwa na miaka 32, hana mke wala mtoto, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na dhiki ya pesa.

Akamwagiza fundi wake wa magita, Mike Batlan, amtafutie mashine ya kurekodia nyumbani. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo kabisa. Ataimba peke yake, asikilize, ajue kama anachoshika ni wimbo au ni maneno tu, kisha ndipo aiite bendi. Asiwe tena mtu wa kulipia studio ili agundue kwamba ubeti haujaiva.

Batlan akaja na TEAC 144, ile iliyojulikana kama Portastudio. Kwa waliozaliwa baada ya kaseti kufa, ngoja nieleze kidogo, maana bila hili hadithi nzima haieleweki. Mashine hii iliingia sokoni 1979, ikiwa ya kwanza kumpa mtu treki nne, yaani njia nne za sauti zinazokaa sambamba, kwenye kaseti ya kawaida, ileile ya kununua dukani. Kaseti tuliyoizoea ina pande mbili, na kila upande una treki mbili, ya kushoto na ya kulia. Portastudio inazitumia zote nne kuelekea upande mmoja, kwa hiyo hakuna cha kugeuza. Tena inaukimbiza utepe kwa kasi maradufu, inchi 3¾ kwa sekunde badala ya 1⅞, ili sauti ipate nafasi ya kutosha. Hesabu yake ni kwamba kaseti ya dakika 60 inakupa dakika 15. Bei ilikuwa kama dola 1,000. Kwa mpiga gita wa baa hiyo ilikuwa pesa ya kukopa, lakini kwa mtu aliyetoka kushika namba moja haikuwa kitu.

Wakaifunga kwenye chumba cha kulala. Maiki zilikuwa mbili, Shure SM57, aina ambayo hadi leo utaikuta kwenye kumbi za muziki dunia nzima, wavu wa kichwani umebonyea na bado inafanya kazi. Gita ni Gibson J-200, lile lenye tumbo kubwa. Treki mbili za kwanza zilichukua gita na sauti kwa pamoja, akiimba na kupiga kwa wakati mmoja. Mbili zilizobaki zilikuwa za nyongeza: gita la pili, harmonika, sauti ya kuitikia aliyoiimba mwenyewe, tari, mandolini, glokenspili. Zikijaa zimejaa.

Anayerekodi kwenye kompyuta hawezi kuhisi uzito wa sentensi hiyo ya mwisho. Leo mwimbaji anaimba kiitikio mara kumi na mbili, fundi anachagua neno kutoka mara ya tatu, silabi kutoka mara ya tisa, na tunaishia na mtu ambaye hajawahi kuimba vile. Kwenye treki nne hakuna mchezo huo. Ukikosea katikati ya ubeti wa nne unachagua: uanze upya, au uliache kosa liingie. Springsteen aliacha mengi yaingie, kwa sababu hakuwa akirekodi albamu. Alikuwa akijiandikia kumbukumbu. Sikiliza jinsi anavyozimeza baadhi ya silabi, jinsi anavyoikaribia maiki kisha akaiacha. Mtu anayejua kwamba kesho dunia itasikia haimbi hivyo. Hata nyimbo zenyewe zilinaswa haraka: nyingi zilipatikana kati ya katikati ya Desemba 1981 na siku za mwanzo za Januari 1982.

Sasa, treki nne si wimbo bado. Lazima zichanganywe ziwe mbili, na kwa kazi hiyo unahitaji mashine ya pili ya kupokea. Aliyokuwa nayo ilikuwa redio kaseti ya Panasonic, na historia ya redio hiyo ningeitunga mimi mngenicheka. Ilikuwa imezama majini katika safari ya mtumbwi, ikajaa matope, ikafa. Baada ya muda ikafufuka yenyewe. Ndiyo iliyopokea miksi ya mwisho ya Nebraska. Fikiria studio zote alizozoea, meza za kumiksi zenye upana wa kitanda, na kinachoshika kazi yake bora ni redio iliyonusurika kuzama.

Katikati ya Portastudio na redio aliweka Echoplex, mashine ya mwangwi inayofanya kazi kwa utepe: sauti inaandikwa kwenye kitanzi cha tepu, na kichwa cha kusomea kinaisoma tena kitambo kidogo baadaye. Ni mwangwi wa aina iliyosikika kwenye rekodi za roki za miaka ya 1950, ule unaomfanya mwimbaji asikike kama amesimama mwisho wa ukumbi usio na watu. Kwenye studio kubwa, mwangwi huongezwa mwishoni, na ukikuchosha unaupunguza. Hapa uliingia ndani ya miksi moja kwa moja. Ukishaingia hautoki, na sauti ikishapita kwenye redio ile hakuna wa kuirudisha ilivyokuwa. Kila kituo kiliacha alama yake: maiki mbili za bei nafuu, kaseti ya dukani, mwangwi wa utepe, redio iliyozama. Hakuna fundi wa sauti aliyekaa chumbani akasema "subiri, hiyo inapasuka".

Na nyimbo? Wimbo wa kwanza ulizaliwa mbele ya televisheni. Springsteen aliitazama Badlands, filamu ya Terrence Malick ya 1973 iliyotokana na kisa cha Charles Starkweather, kijana wa Lincoln, Nebraska, aliyeua watu 11 kati ya Desemba 1957 na Januari 1958, mauaji mengi akiyafanya akiwa na msichana wa miaka 14, Caril Ann Fugate. Starkweather aliuawa kwa kiti cha umeme Juni 1959. Springsteen hakuishia kwenye filamu. Akasoma kitabu kilichoandikwa kuhusu Caril, akampigia simu mwandishi wa habari aliyeshiriki kukiandika, Ninette Beaver, ambaye alikuwa bado yuko kazini kulekule Nebraska. Mtu mwenye albamu namba moja anampigia mwandishi wa mkoani kuuliza kisa cha miaka zaidi ya 20 iliyopita. Hapo ndipo unapojua kwamba haitafutwi Hungry Heart nyingine.

Mabadiliko yaliyoubeba wimbo huo ni ya mtunzi zaidi kuliko ya fundi. Msimulizi ni muuaji mwenyewe. Hasemi "yule aliua", anasema "mimi". Haombi radhi, hajitetei, hajigambi. Anatoa taarifa, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda kituo cha basi, na ukifika mwisho umegundua kwamba hukupewa mahali pa kusimama ili umhukumu.

Nyingine zilitoka kwenye magazeti ya nyumbani kwake. Johnny 99 inaanza na kiwanda cha magari kufungwa Mahwah. Kiwanda cha Ford cha Mahwah, New Jersey, kilifungwa kweli 1980. Atlantic City inaanza na mlipuko Philadelphia. Machi 1981 Phil Testa, mkubwa wa genge la mafia la mji huo, aliuawa kwa bomu mlangoni kwake. Atlantic City yenyewe ilikuwa imefunguliwa kasino ya kwanza 1978, na pesa za kamari zilikuwa zinanukia mpaka kwa vijana wasio na kazi. Msimulizi wa wimbo ana madeni ambayo mtu mwaminifu hawezi kuyalipa. Amekutana na mtu, na atamfanyia huyo mtu kazi ndogo. Kazi gani, hatuambiwi. Hatuhitaji.

Wachambuzi hupenda kubaki hapa, kwenye damu. Kwa sikio langu moyo wa albamu uko kwingine, kwenye zile nyimbo za mtoto anayemtazama baba yake. Used Cars ni familia inayokwenda kununua gari lililokwisha tumika. Muuzaji anaitazama mikono ya baba, mama anacheza na pete yake ya ndoa, mtoto anaapa kwamba akishinda bahati nasibu hatapanda tena gari la namna hiyo. Hakuna bunduki wala polisi. Aibu tu, ile aibu ya mzazi kuhesabiwa pesa mbele ya mwanawe. Mansion on the Hill ni kutazama jumba la tajiri kutoka barabarani, usiku, ndani ya gari, baba kimya. My Father's House, iliyoongezwa baadaye mwaka huohuo, ni ndoto ya kurudi kwa baba, kisha kuamka, kwenda kweli na kukuta mlangoni mtu usiyemjua. Ukizisikia hizo ndipo unapoelewa kwa nini wauaji wale wanaimba kwa sauti ya chini. Ni watoto walewale, wamekua.

Halafu kuna State Trooper. Mtu anaendesha usiku kwenye barabara kuu ya New Jersey, hana leseni, hana kadi ya gari, anaomba polisi asimsimamishe. Gita linagonga jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, halibadiliki. Springsteen alikuwa amesikiliza sana Suicide, wale jamaa wawili wa New York waliopiga kinanda kibovu na kupiga mayowe, na kuelekea mwisho yowe linamtoka na yeye. Pale sauti inavuka uwezo wa mashine. Kwenye studio hilo lingekuwa kosa, fundi angeshusha kiwango na kuomba lirudiwe. Ombi la mwisho la wimbo huo, la kutaka kuokolewa kutoka mahali pasipo popote, linajirudia kwenye Open All Night, wimbo wa kuchangamka kabisa. Mstari mmoja, nyimbo mbili. Mtu aliyekuwa akipanga albamu angeufuta mmoja.

Kaseti ikaenda kwa meneja wake, Jon Landau, ikiwa na nyimbo 15 na barua ya mkono yenye maelezo ya kila wimbo: huu sina uhakika nao, huu labda na bendi, na kadhalika. Miongoni mwa hizo 15 ulikuwemo wimbo uitwao Born in the U.S.A. Kumbukeni hilo, tutalirudia. Landau alisikia muziki, lakini alisikia pia rafiki aliye pabaya, na hakukosea. Springsteen mwenyewe ameandika katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2016, jinsi msongo wa mawazo ulivyomwangukia katika safari ya kuvuka Marekani kwa gari baada ya kazi hii, na jinsi alivyoanza kumwona mtaalamu wa tiba ya akili. Sitakaa hapo. Filamu imekaa hapo saa mbili.

Masika ya 1982 wakaingia Power Station. Bendi nzima, wahandisi, kila kitu. Lengo lilikuwa lilelile la mwanzo: demo ipo, sasa turekodi albamu. Na siku zile hazikupotea bure hata kidogo, maana sehemu kubwa ya albamu iliyofuata ilinaswa wakati huo. Lakini kila walipozigusa nyimbo za chumbani, zilikufa.

Kwa miaka mingi mashabiki walibishana kama rekodi hizo za bendi zipo kweli, na zilikuwa mbaya kiasi gani. Sasa tunazo. Nilikaa kuzisikiliza nikiwa tayari kukuta bendi inaboronga. Haiborongi. Atlantic City inakwenda, ngoma za Max Weinberg ziko mahali pake, ni wimbo ambao redio ingeupiga bila kuombwa. Ndiyo kasoro yake. Yule kijana mwenye madeni, ukimpa wapigaji watano nyuma yake, hayuko peke yake tena. Ana kundi. Mtu mwenye kundi anaweza kushauriwa, anaweza kukopeshwa, anaweza kuambiwa "achana na hao watu, twende zetu". Upweke wake ulikuwa kwenye nafasi tupu kati ya gita na sauti, na hapo ndipo bendi inapokaa. Siwalaumu wapigaji. Walifanya walichoajiriwa kufanya, na walikifanya vizuri.

Akajaribu basi njia ya pili, ambayo watu wengi huisahau: kuziimba tena peke yake, gita na sauti, kwenye studio yenye maiki safi. Kama tatizo lilikuwa bendi, hilo lingelimaliza. Halikulimaliza. Kila kitu kilisikika vizuri zaidi, na mtu wa kwenye kaseti hakuwemo.

Muda wote huo kaseti ilikuwa mfukoni mwa suruali yake ya jinzi. Haikuwa na kasha. Wiki kadhaa alitembea nayo, akiitoa studio, wakiisikiliza kama kipimo, akiirudisha mfukoni pamoja na funguo na chenji. Sisi tunaohifadhi kazi sehemu tatu na bado hatulali, tukisikia hivyo tumbo linauma. Mpaka siku alipomuuliza mhandisi wake, Toby Scott, kama haiwezekani tu kuitoa hii hii.

Swali jepesi, jibu lilichukua muda mrefu. Hapa ndipo ninapotaka kila msanii anayesema "demo tu" atulie asikilize.

Santuri si faili. Ili itoke, sinia laini lazima likatwe kwanza kwa sindano ya kuchongea: sauti inapoingia sindano inatikisika, na mtikisiko huo unabaki kama mfereji. Sauti ya kushoto inakaa ukuta mmoja wa mfereji, ya kulia ukuta wa pili. Zikikubaliana, hasa kwenye besi, sindano inakwenda kushoto na kulia, mfereji unakuwa na kina sawa, na sindano ya nyumbani kwako inaufuata vizuri. Zikipingana, moja inapanda wakati nyingine inashuka, sindano ya kuchongea inaanza kupanda na kushuka badala ya kwenda pembeni. Kina kinapotea. Ukiicheza santuri hiyo, sindano inaruka. Rekodi ya studio husafishwa mapema matatizo ya namna hii, fundi anayajua. Miksi iliyopita kwenye Echoplex na redio iliyozama haikusafishwa na yeyote. Juu ya hayo kulikuwa na mvumo wa kaseti, ule ushhh tunaoujua wote. Ukipandisha sauti, nao unapanda.

Scott na Chuck Plotkin, aliyekuwa mmoja wa watu wa kumiksi wa Springsteen, wakaanza kuihangaisha kaseti kwa mafundi wa masta, wale wanaoandaa rekodi ya mwisho ya kukatia santuri, mmoja baada ya mwingine. Walijaribu kwa watu wakubwa, akiwemo Bob Ludwig, jina ambalo ukiligeuza jalada la santuri ya miaka ile hukosi kulikuta. Haikukubali. Walijaribu kuchuja, kupandisha, kubana. Kila kilichoipendeza mashine kiliiua sauti, na kila kilichoiacha sauti mashine ilikikataa. Ikafika mahali wakazungumzia kuitoa kwa kaseti peke yake, bila santuri, jambo ambalo kwa kampuni ya Columbia na msanii wa hadhi ile lingekuwa kichekesho cha mwaka. Mwishowe wakafika studio za Atlantic, New York, kwa Dennis King. Naye alijaribu mara ya kwanza ikashindikana. Mara ya pili wakaikata kwa kiwango cha chini sana, chini kuliko santuri yoyote ya kawaida ya roki. Mfereji mdogo, mtikisiko mdogo, sindano ikatulia. Ikapita.

Kwa hiyo ule unyonge wa sauti ambao watu husifu kana kwamba ni uamuzi wa kisanii ulikuwa pia suluhisho la fundi. Ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuipitisha kaseti kwenye mlango wa kiwanda bila kuivua nguo zake. Nalipenda jambo hili kuliko yote katika kisa kizima. Watu wenye ujuzi wa hali ya juu walitumia ujuzi wao wote si kuirekebisha kazi, bali kuizuia isirekebike. Kuirekebisha kungekuwa rahisi zaidi, ndicho walichosomea.

Ikatoka Septemba 30, 1982, nyimbo 10. Picha ya jalada ilipigwa na David Michael Kennedy miaka kadhaa nyuma, kupitia kioo cha gari kuukuu: barabara, theluji, mawingu, hakuna mtu. Springsteen hakufanya ziara wala hakuzunguka kwenye mahojiano. Video ya Atlantic City ni ya rangi nyeusi na nyeupe na yeye mwenyewe haonekani. Hata hivyo ilifika namba tatu Marekani. Mwaka uliofuata Johnny Cash akaimba nyimbo zake mbili, na albamu yake akaiita Johnny 99. Mwaka 1991 Sean Penn akaigeuza Highway Patrolman, ule wa askari anayemwacha ndugu yake avuke mpaka wa Kanada, kuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza.

Kabla vijana wangu hawajanijia na simu wakisema "umeandika mwenyewe, usiiguse", turudi kwenye ule wimbo nilioomba muukumbuke. Born in the U.S.A. ulikuwa kwenye kaseti ileile, mwangwi uleule, gita lilelile. Toleo la chumbani lilitolewa baadaye, 1998, na mtu yeyote anaweza kulisikiliza. Ni zuri. Lina hasira iliyobanwa meno. Lakini haligusi lile walilolinasa na bendi masika yaleyale ya 1982, pale Power Station, ngoma zikilia mpaka kuta zinatikisika, likawa jina la albamu ya 1984 iliyouza mamilioni kwa mamilioni. Askari aliyerudi kutoka Vietnam akakuta hana kazi alihitaji kelele. Alikuwa na watu wa kumsikia na walikuwa wanakataa. Kijana wa Atlantic City hakuwa na wa kumsikia. Kaseti moja, wiki zilezile, mtunzi mmoja, na jibu halikuwa moja. Hakuna kanuni ya chumbani au studio hapo. Ilibidi wimbo uingizwe bendi ndipo ijulikane unakubali au unakufa, na aliyelipia saa hizo alilipa kwa haki.

Kwa anayetaka kuanza: usianze na boksi la 2025, anza na zile 10 kwa mpangilio wake, kwa spika za kweli au hedifoni, si kwa spika ya simu. Utaona sauti iko chini. Usipandishe wimbo mmoja mmoja, pandisha mara moja tu mwanzoni, kisha iache, maana State Trooper ikifika kwenye lile yowe utajuta. Baada ya hapo ndipo usikilize za bendi, uamue mwenyewe kama walikosea kuziweka kabatini. Mimi Open All Night ya bendi naipenda, nasema wazi, na ningeifurahia kwenye harusi.